Casino Royale, Bourne Ultimatum au Fallout? Soma lawama kwanza, sifa baadaye

Ijumaa usiku mdogo wangu aliyeko Morogoro kanitumia meseji: "bro nina bando la kushusha movi moja tu, nipe ya kijasusi yenye kichapo cha maana." Nikamtajia tatu. Akajibu, nimesema moja. Basi nikaanza kumwelezea kwa voisi, ya kwanza dakika tano, ya pili dakika saba, jamaa kimya, baadaye anarudi na jibu lake mwenyewe: kaingia tovuti ya Rotten Tomatoes kaangalia asilimia, Mission: Impossible Fallout ina 98, Casino Royale ya James Bond 94, The Bourne Ultimatum inacheza kwenye 92, kwa hiyo kwake mjadala umefungwa.

Haujafungwa. Ndo maana naandika, maana najua wako wengi wanachagua movi kama wanavyochagua tikiti maji, wanagonga, wanasikia mlio, wanabeba.

Kwanza hiyo asilimia sio maksi za mtihani. Rotten Tomatoes wanachofanya ni kuhesabu wachambuzi wangapi wamesema movi inafaa, basi. Aliyeipenda mpaka kaiangalia mara tatu na aliyesema "ah, sio mbaya, inapitisha muda" wote wanahesabika kura moja moja. Movi inaweza kupata 98 kwa sababu karibu kila mtu kairidhia, haimaanishi kila mtu kapagawa. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, wenyewe wanatafuta wastani wa alama alizotoa kila mchambuzi, na ukienda huko unakuta kitu cha kuchekesha: Bourne anampita Bond, 85 kwa 80, wakati kule Rotten Tomatoes Bond alikuwa mbele. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida, Casino Royale ilikuwa na wapinzani wachache zaidi, ila waliomkubali Bourne walimkubali kwa nguvu zaidi. Fallout yenyewe iko juu kote kote, hilo silipingi.

Sasa mimi kanuni yangu ni moja. Sifa sizisomi sana. Sifa za movi za kijasusi zinafanana, pumzi inakata, moyo unaenda mbio, stelingi kaua, ukiwabadilishia majina hutajua wanaongelea ipi. Naenda moja kwa moja kwenye lawama, natafuta wale wachambuzi walioikubali movi lakini wakasema "ila", halafu najiuliza hiyo "ila" mimi naiweza? Na hizi tatu kila moja ina "ila" yake, tena tofauti kabisa.

Tuanze na Bourne maana lawama yake ndo maarufu kuliko zote: kamera. Ultimatum ni ya 2007, kaiongoza Paul Greengrass, Mwingereza aliyeanzia kwenye vipindi vya uchunguzi vya televisheni, na anapiga picha kama mwandishi wa habari aliyekutwa katikati ya vurugu, kamera mkononi, inatikisika, mtu anapita mbele ya lenzi, kabla hujakaa sawa picha imeshakatwa. Kwa wastani kila picha inakaa sekunde mbili hivi halafu inakuja nyingine, kwa dakika 115. David Bordwell, profesa wa mambo ya sinema kule Marekani, aliandika uchambuzi mrefu mwezi huo huo movi imetoka akiilalamikia hiyo staili, na Roger Ebert, mchambuzi maarufu wa sinema wa Marekani aliyekuwa ameipa nyota tatu na nusu kati ya nne, akajikuta anapokea barua za wasomaji waliotoka ukumbini wanasikia kichefuchefu, akazichapisha. Watu walikuwa wanataka kutapika jamani, kwa ajili ya movi.

Na hapo hapo, movi hiyo hiyo ikaenda Oscar ikachukua tuzo tatu kati ya tatu ilizoteuliwa, moja ikiwa ya uhariri, yaani ile ile kata kata iliyowatia watu kizunguzungu. Mbili nyingine za sauti. Kwa hiyo lawama na tuzo zimelenga kitu kimoja, ni wewe tu kichwa chako kikoje.

Nikiongeza la kwangu, mimi Ultimatum nimeiona mara ya kwanza kibanda umiza Tandika, televisheni ya inchi 21, kichwa cha mtu mmoja mrefu kimekata kona ya kushoto, na sikusikia kizunguzungu chochote. Nilikuja kuelewa zile barua nilipoiona kwenye projekta kwa rafiki yangu nikakaa mbele kabisa. Kwa hiyo anayeangalia kwenye simu hii lawama kwake ni ndogo sana, skrini inaimeza ile mitikisiko.

Casino Royale yenyewe "ila" yake ni urefu. Dakika 144, na sehemu kubwa katikati watu wamekaa mezani wanacheza karata. Wachambuzi wengi waliipenda wakasema lakini mwisho inajivuta, unadhani imeisha, Bond yuko hospitali, mapenzi yameshamiri, unatafuta viatu, kumbe kuna Venice nzima inakuja. Pale kibanda karata zilipoanza watu walipiga kelele "peleka mbeleee!" na mwenye kibanda akapeleka mbele kweli, tukatua kwenye Bond keshalishwa sumu anatetemeka ndani ya gari, hatujui nani kamlisha. Nilikaa miaka kadhaa nikidhani ile ni movi ya ajabu ajabu.

Kumbe zile karata ndo movi yenyewe. Kitabu cha 1953 walikuwa wanacheza bakara, mchezo mwingine wa karata, watengenezaji wakabadilisha wakaweka poka ya Texas Hold'em kwa sababu miaka ile ndo dunia nzima ilikuwa inaicheza. Wacheza poka wa kweli waliguna kwenye raundi ya mwisho, maana watu wanne mezani wote wana mikono mikali, mmoja flashi, wawili fulu hausi, na Bond akamaliza na streti flashi, mchezo ambao ukikaa mezani maisha yako yote unaweza usiuone. Sawa, ila angalia nyuso. Martin Campbell aliyeongoza anakaa na uso wa Mads Mikkelsen, anayeigiza adui, jicho moja linatoa damu badala ya chozi, na ukimya ule unakubana kuliko risasi. Kama huwezi kukaa na watu waliokaa, hii movi itakushinda, sikudanganyi.

Nisisahau jambo moja ambalo vijana wa sasa hawalijui. Daniel Craig alipotangazwa Oktoba 2005 alitukanwa vibaya mno. Watu walifungua tovuti ya kuhamasisha wenzao waisusie movi, hoja zenyewe eti nywele zake ni za njano, eti mfupi, eti sura ya bondia. Movi ikatoka Novemba 2006, Ebert akatoa nyota nne kati ya nne, na Craig akateuliwa BAFTA, tuzo za sinema za Uingereza, kama mwigizaji bora, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipata kwa kuigiza Bond kabla yake. Mapokezi mazuri ya ile movi yalitokana pia na hilo, watu walikwenda wakitegemea aibu wakakuta mtu. Leo ukiiangalia bila ile hasira ya mwanzo unapungukiwa kidogo, kama kusikia matokeo ya mechi ya watani bila kujua nani alitamba wiki nzima.

(Halafu ile sehemu ya mwanzoni inayosema Mbale, Uganda? Imepigwa Uingereza, kwenye msitu wa Black Park nje ya London. Mganda mmoja niliyeangalia naye alicheka mpaka akakohoa, anasema miti ya Mbale naijua mimi. Na Madagascar yao ni Bahamas.)

Fallout sasa, ya 2018. Hapa lawama ni hadithi. Hakuna anayebisha kuhusu vitendo, Christopher McQuarrie kapanga matukio kama mtu anayepanga dhumna, moja linaangusha lingine kwa dakika 147. Ila ukimuuliza mtu nani alikuwa anamsaliti nani na ile plutoni ilikuwa inaenda wapi, anakuna kichwa. Watu wanavaa sura za bandia, mpango unaelezwa, unaharibika, unaelezwa upya. Pia ni ya sita kwenye mfululizo, adui Solomon Lane katokea ya tano, na kuna mke wa zamani ambaye ukimkosa kwenye zile za nyuma huwezi kuelewa kwa nini Ethan Hunt, yaani Tom Cruise, anamtazama vile. Wachambuzi wengi walisema hayo yote halafu wakaongeza "lakini nani anajali", na hapo ndo asilimia 98 ilipotokea. Wewe unajali au hujali? Hilo ndo swali.

Maana kwa upande wa kazi ya mikono Fallout hakuna wa kuisogelea. Agosti 2017 Tom Cruise karuka kutoka jengo moja kwenda jingine London, mguu ukagonga ukuta, kifundo kikavunjika, jamaa akajivuta juu akamalizia kukimbia mbele ya kamera ndo akaacha. Kazi ikasimama wiki kadhaa. Ile picha wameiacha kwenye movi, ukitazama vizuri unaona mguu unavyopinda. Na ule mruko wa kutoka kwenye ndege waliupigia Abu Dhabi, walitaka mwanga wa jioni jua linazama, kwa hiyo kwa siku wanapata nafasi moja tu, wakikosea wanasubiri kesho, ukijumlisha na mazoezi Cruise akaruka mara zaidi ya 100 mpaka ikakaa sawa, na mpiga picha naye anaruka mbele yake kinyumenyume kamera iko kichwani. Halafu Oscar hawakuipa hata uteuzi mmoja. Hata wa sauti. Mimi hiyo naiona dhuluma kabisa, lakini tuendelee.

Sasa kama unataka kuzilinganisha hizi tatu kwa haraka bila kusoma uchambuzi wa mtu yeyote, nakupa njia yangu: angalia ngumi za chooni. Sitanii. Zote tatu zina ugomvi wa chooni au bafuni, na kila mmoja unakuonyesha movi nzima ilivyo.

Cha Casino Royale ni mwanzo kabisa, picha nyeusi na nyeupe, zina chengachenga kama mkanda wa zamani. Choo kichafu, Bond bado hajapata leseni ya kuua, na anamuua mtu kwa shida, milango inavunjika, wanabamizana ukutani, mwisho anamsukumia kichwa kwenye sinki la maji mpaka anatulia. Katikati ya huo ugomvi wanakukatia unaenda Prague kwenye ofisi tulivu, Bond huyo huyo kakaa kwenye giza anaongea na msaliti kwa sauti ya chini. Fujo, ukimya, fujo, ukimya. Ndo movi yote hiyo, ngumi inayouma na maongezi yanayouma.

Cha Bourne kiko Tangier. Kabla ya hapo kakimbizana juu ya mapaa, karuka kutoka upande mmoja wa kichochoro akapitia dirishani upande wa pili, na kamera imeruka nyuma yake. Anakutana na Desh, muuaji aliyetumwa, ndani ya chumba kidogo, na hapo muziki unakatwa. Ngoma zilizokuwa zinapiga dakika nzima zinanyamaza, unabaki unasikia pumzi, vyombo, viatu kwenye sakafu. Kitabu kinageuka silaha. Mwisho ni bafuni na taulo, na Bourne anapomaliza hana furaha yoyote, anaonekana kama mtu anayeumwa. Huoni kila ngumi ilipotua, hilo ndo lalamiko la kina Bordwell, lakini unaisikia.

Cha Fallout kiko Paris, choo cheupe kinang'aa utafikiri saluni ya harusi, muziki wa disko unagonga kwa mbali nyuma ya ukuta. Cruise na Henry Cavill, mijitu miwili, wanapigwa na mtu mmoja. Kamera imesimama pembeni imetulia, inakuonyesha miili yote mitatu kuanzia kichwani hadi miguuni, unajua nani yuko wapi, bomba limeng'oka wapi, kioo kimepasukia wapi. Cavill anakunja mikono kama anakoki bunduki (tukio hilo lilizunguka mitandaoni kuliko movi yenyewe). Na kuna walevi wanaingia wanaona miguu ya watu watatu kwenye choo kimoja wanaanza kutania. Kwa hiyo una kichapo, una kicheko, na unaona kila kitu.

Ukishaona hizo tatu umeshajua unapenda ipi, dakika kumi hazifiki.

Kuna ushahidi mwingine kwamba hizi staili hazibadilishani nguo. 2008 walitoa Quantum of Solace, inaanza muda mfupi tu baada ya Casino Royale kuishia, Craig yule yule, ila wakamleta Dan Bradley aliyekuwa akisimamia matukio ya hatari kwenye Bourne, na uhariri ukawa wa kukata kata. Ongeza mgomo wa waandishi wa Hollywood uliowakuta skripti haijakaa sawa, Craig mwenyewe alikuja kusema kwamba yeye na mwongozaji ndo walikuwa wanaandika upya vipande wakati wa kupiga picha. Matokeo yake dakika 106, fupi kuliko Bond zote, na asilimia ikaanguka kutoka 94 hadi kwenye 60 na kidogo. Ebert akatoa nyota mbili, akanung'unika kwamba James Bond sio stelingi wa vichapo, ana hadhi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kitu kile kile kilichompa Bourne Oscar kikamwangusha Bond. Na pesa? Zilikaribiana na za Casino Royale, kama dola milioni 590 kwa milioni 600 hivi, ndo ujue wachambuzi na milango ya sinema ni vitu viwili. Ultimatum yenye tuzo tatu iliingiza kama milioni 440. Fallout 790.

Haya, mambo ya kawaida ya nyumbani ambayo hakuna mchambuzi atakuambia.

Unaangalia kwenye simu? Bourne. Fallout kwenye simu ni kupoteza bando, ile mandhari ya kuruka angani na helikopta milimani imepigwa kwa ajili ya skrini kubwa, kwenye simu Cruise anakuwa kama sisimizi. Ukiwa na televisheni kubwa au projekta hapo Fallout ndo mwenyewe.

Unaangalia na wazazi au wakwe? Casino Royale hapana. Kuna sehemu Bond kafungwa kwenye kiti kilichotolewa kalio, uchi wa mnyama, anachapwa na kamba sehemu usizotaka kuzitaja mbele ya mama mkwe. Hata bodi ya ukaguzi Uingereza waliomba ipunguzwe kidogo ndo vijana wadogo waruhusiwe kuingia. Fallout haina hayo mambo, unaweza ukakaa na familia nzima mpaka mwisho.

Hujawahi kuona movi yoyote ya hawa watu? Anza na Casino Royale, imetengenezwa kuanza upya, Bond ndo anaajiriwa, huhitaji kujua chochote. Ultimatum ni ya tatu baada ya Identity ya 2002 na Supremacy ya 2004, na ina ujanja mmoja mtamu sana ambao ukianza nayo hutauona: tukio la mwisho la Supremacy linarudi katikati ya Ultimatum na safari hii maana yake ni nyingine kabisa. Aliyeona ya pili anashika mdomo. Asiyeona anaendelea kula bisi.

Unaangalia iliyotafsiriwa? Hapa wenzangu mliokulia kwenye sauti ya Lufufu, au Wakenya na DJ Afro wenu, mnanielewa. Bourne inatafsirika vizuri kwa sababu maneno ni machache, stelingi anakimbia, mtafsiri ana nafasi ya kunogesha. Fallout mtafsiri anachanganyikiwa na wale wenye sura za bandia, nimeisikia moja jamaa kaacha kabisa kueleza njama akawa anahesabu ngumi. Casino Royale ndo msiba, ile niliyoiona poka iligeuzwa lasti kadi, eti Bond kabakiza karata moja.

Mimi ukinikaba nichague moja, ni Casino Royale, nikiwa peke yangu, usiku, bila mtu wa kupiga kelele "peleka mbele". Lakini sio ya kwanza nitakayompa mtu aliyeomba kichapo cha maana kwenye simu ya inchi sita, huyo nampa Bourne, nampa na za nyuma yake kama flashi ina nafasi.

Dogo hakunisikiliza. Kashusha Fallout kwa sababu ya ile 98, kaiangalia kitandani na simu yake, kesho yake asubuhi napokea voisi ya sekunde nane tu: "bro, kali sana ile, ila huyu Lane ni nani, na yule mwanamke daktari wa mwishoni kwani ni nani yake?"

Nikamwambia tafuta bando jingine, anza na ya tatu.